Askari Hamalizi Shule: Safari ya Mafunzo Kutoka Kuruta Hadi Waranti Ofisa

Haya ni maandishi kamili ya hotuba iliyotolewa kwa vijana, wazazi na wazee wa mitaa, kama matayarisho ya zoezi la kuwasajili makuruta wa jeshi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Kila mara tangazo la kusajili makuruta linapotoka, mambo mawili husikika vijijini na sokoni. La kwanza ni kwamba jeshi ni la yule aliyeshindwa na shule, mradi awe na mbio na kifua. La pili ni kwamba bila pesa mkononi, mtoto wa maskini haingii. Yote mawili si kweli, na yote mawili yamezigharimu familia nyingi. La kwanza humfanya kijana adharau vitabu, kisha akwame katika cheo cha chini miaka mingi. La pili humfanya mzazi auze ng'ombe au kipande cha shamba na kumpa tapeli.

Shabaha ya mazungumzo ya leo ni kueleza askari hujifunza nini, tangu siku anaponyolewa nywele hadi siku anapovua sare. Anayeielewa safari hiyo hatamdanganya mtoto wake kwamba masomo yameisha, wala hatatoa hata shilingi moja kununua kitu kisichouzwa.

Milango ya kuingilia

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 241, inaunda Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yenye matawi matatu: Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Anga na Jeshi la Wanamaji. Sheria ya majeshi hayo ilipitishwa mwaka 2012. Nchini Kenya hakuna anayelazimishwa kuwa askari. Kila aliye ndani aliomba mwenyewe.

Mlango mmoja ni wa makadeti, yaani vijana wanaosomea uafisa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya kule Lanet, Nakuru. Mlango mwingine, ambao vijana wengi wa kaunti hii hupitia, ni wa makuruta. Hapo wapo wale wa kazi za jumla, na wapo mafundi ambao tayari wana vyeti vya ufundi kama vile umekanika, umeme, useremala au upishi. Mazungumzo haya ni ya mlango huu wa pili.

Kwa makuruta wa kazi za jumla, matangazo ya miaka ya hivi karibuni yamekuwa yakitaka mtu awe raia wa Kenya, mwenye kitambulisho cha taifa, umri wa kati ya miaka 18 na 26, urefu usiopungua mita 1.60, na uzani usiopungua kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Mwanamke hatakiwi kuwa mjamzito wakati wa kusajiliwa wala wakati wa mafunzo. Kwa mafundi, umri huruhusiwa kuwa juu kidogo. Masharti ya masomo hutajwa katika kila tangazo na huweza kubadilika, kwa hiyo ni lazima tangazo la mwaka husika lisomwe lenyewe, neno kwa neno, badala ya kuulizia kwa jirani.

Usajili haulipiwi. Hakuna ada ya fomu, wala ya daktari, wala ya barua. Kijana wa kazi za jumla aliyefaulu hupewa barua yake ya wito pale pale uwanjani, mkononi mwake, na maafisa wanaosimamia zoezi. Hakuna barua inayokuja usiku kupitia kwa mtu aliyevaa miwani myeusi anayesema ana mjomba makao makuu. Si mara moja vijana wamefika langoni Eldoret wakiwa na barua bandia walizouziwa, wakaishia mikononi mwa polisi. Fedha zimekwenda, ng'ombe amekwenda, na kijana ana kesi. Anayeombwa pesa aripoti kituo cha polisi au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Na akumbuke kwamba sheria humshika mtoaji hongo sawasawa na mpokeaji.

Eldoret: darasa la kwanza

Makuruta wa matawi yote matatu huanzia mahali pamoja, katika Shule ya Mafunzo ya Makuruta, Eldoret. Wavulana na wasichana hulala mabweni tofauti, lakini mafunzo ni yale yale.

Kitu cha kwanza ambacho mgeni huona ni gwaride. Watu hucheka na kuuliza kupiga mguu chini kunamsaidiaje mtu vitani. Gwaride hufundisha mambo matatu ambayo hayafundishiki kwa maneno: kusikia amri mara moja, kuifuata pamoja na wenzako, na kutulia mwili unapotaka kutapatapa. Watu 30 waliotoka jamii 20 tofauti, ambao jana hawakujuana, huanza kusogea kama mtu mmoja. Hapo ndipo mafunzo mengine yote hujengwa.

Baada ya hapo huja silaha. Kuruta hujifunza kuifungua bunduki, kuisafisha, kuifunga, na kuihakikisha kuwa haina risasi, mara mia kabla ya kufyatua hata moja. Hujifunza shabaha. Hujifunza kuishi porini, kujificha, kutembea usiku bila tochi, kuchimba handaki na kutunza miguu yake. Hujifunza huduma ya kwanza: jinsi ya kumfunga mwenzake mkanda wa kubana mkono au mguu unaovuja damu, na kuandika saa aliyoufunga ili daktari ajue umekaa kwa muda gani. Hujifunza pia sheria: ile inayomwongoza yeye kama askari, na ile ya kimataifa inayomkataza kumdhuru raia, mateka au majeruhi.

Lakini yule aliyedhani ameikimbia hesabu hushangazwa na somo la ramani. Ramani nyingi za Kenya zinazotumiwa kwa kazi ya aina hii zimechorwa kwa kipimo cha 1 kwa 50,000. Maana yake ni kwamba sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Ramani imegawanywa kwa mistari inayofanya miraba ya kilomita moja moja, na mahali hutajwa kwa tarakimu 6: tatu za kwenda mashariki na tatu za kwenda kaskazini. Tarakimu hizo 6 humfikisha msomaji ndani ya mita 100 za mahali panapotajwa.

Sasa fikiria askari aliyechoka, mvua inanyesha, anasoma kwenye redio 457 badala ya 475. Amegeuza tarakimu mbili tu. Kosa hilo ni kilomita 1 na mita 800. Kama alikuwa anaomba gari la wagonjwa, limekwenda bonde lisilo lake. Kama alikuwa anaelekeza mizinga, huenda imeangukia kijiji. Ndiyo sababu askari hufundishwa kusoma tarakimu moja moja, na anayepokea huzirudia kabla ya chochote kufanyika.

Dira ya kijeshi nayo haitumii nyuzi 360 peke yake. Duara lake hugawanywa katika sehemu 6,400 zinazoitwa mili. Faida yake ni rahisi: mili moja ikikosewa, kwa umbali wa kilomita moja mtu hukosea kiasi cha mita moja. Mili 10 ni mita 10. Kijana aliyefuatilia hesabu za shule ya upili atalielewa hili kwa siku moja. Aliyelala darasani atalitolea jasho.

Mafunzo huchukua miezi kadhaa. Mwisho wake ni gwaride la kufuzu, mbele ya wazazi waliofunga safari kutoka kila pembe ya nchi. Pale kuruta hula kiapo cha utiifu na kuitwa askari. Familia nyingi hudhani hapo ndipo mwisho wa shule. Ukweli ni kwamba hapo amemaliza chekechea.

Kila askari na fani yake

Baada ya Eldoret, askari hupelekwa kwenye tawi na kikosi chake, na hapo hufundishwa kazi yenyewe. Askari wa miguu ana Shule ya Askari wa Miguu kule Isiolo. Mwanamaji huingia maisha ya bahari katika kambi ya Mtongwe, Mombasa. Askari wa anga hujifunza utunzaji wa ndege na mitambo yake. Kwa wale wa ufundi kuna Chuo cha Ufundi cha Majeshi ya Ulinzi kule Embakasi, Nairobi.

Wengi husahau kwamba jeshi ni mji mzima unaohama. Linahitaji mtu wa kutengeneza lori, wa kuchomelea chuma, wa kuvuta maji, wa kupika chakula cha watu 500 bila mmoja kuugua tumbo, wa kutunza stoo, wa kuandika barua na kuweka faili, wa kurusha na kupokea mawasiliano ya redio, na wa kuuguza wagonjwa. Kila kazi ya hizo ina darasa lake, mtihani wake na ngazi zake. Askari fundi wa magari anayejua injini ya dizeli leo atahitajika kujifunza umeme wa magari kesho, kwa sababu magari yanabadilika.

Ngazi ya vyeo

Askari wa kawaida huanza akiwa praiveti. Juu yake kuna lansi koplo, koplo, sajenti, senior sajenti, waranti ofisa daraja la pili, na juu kabisa waranti ofisa daraja la kwanza. Mwananchi akiziona alama begani au mkononi hudhani ni malipo ya kukaa muda mrefu. Miaka husaidia, lakini haipandishi cheo peke yake. Panahitajika nafasi, mapendekezo ya wakubwa, rekodi safi ya nidhamu, na kozi. Asiyepita kozi hubaki pale alipo huku wadogo zake wakimpita.

Jambo la kuzingatia ni jinsi masomo yanavyobadilika katika kila ngazi.

Praiveti hujifunza kujitawala yeye mwenyewe: mwili wake, silaha yake, wakati wake.

Koplo hujifunza kuwatawala wachache. Ana seksheni, kikundi cha watu 8 hadi 10 hivi. Hao anawajua kwa majina, anajua nani ana mke mgonjwa nyumbani na nani ameanza kunywa. Kubwa analojifunza katika kozi ni kutoa amri. Wengi hufikiri kutoa amri ni kupaza sauti. Amri ya kijeshi ina mpangilio wa sehemu tano. Ya kwanza ni hali: adui yuko wapi, wenzetu wako wapi, ardhi ikoje. Ya pili ni lengo, linalosemwa kwa sentensi moja, tena mara mbili. Ya tatu ni utekelezaji: nani atafanya nini, saa ngapi, kwa mpango gani. Ya nne ni huduma: maji, chakula, risasi, majeruhi watabebwa vipi. Ya tano ni uongozi na mawasiliano: nani anashika nafasi kiongozi akianguka, na watasikilizana vipi.

Kabla ya kusema yote hayo, koplo huchora mfano wa ardhi chini: kamba ya kijani ni mto, jiwe ni kilima, kijiti ni barabara. Akimaliza, haulizi "mmeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Humwonyesha mmoja kidole na kumwuliza, "Wewe, koplo akipigwa, nani anachukua seksheni?" Asiyejua hujulikana hapo hapo, kabla ya kuondoka, wakati kosa bado linaweza kurekebishwa. Chama chochote cha akina mama au kikundi cha vijana kinachopanga mradi kinaweza kuiga mpangilio huu bila kubadilisha hata kipengele kimoja.

Sajenti hujifunza kufundisha. Katika platuni ya watu 30 hivi, kiongozi rasmi ni luteni, afisa kijana aliyetoka chuoni juzi. Wa pili wake ni sajenti mwenye miaka 10 au zaidi ya kazi. Kwa sheria, sajenti humpigia saluti luteni na kumwita afande. Kwa kweli ya mambo, huyo sajenti ndiye anayemkamilisha luteni, kwa adabu na faraghani, bila kumvunjia heshima mbele ya askari. Huo ni ufundi mkubwa, na haupatikani kwa vifua. Askari wote wa chini nao hufunzwa naye, kwa utaratibu wa hatua nne ambao majeshi mengi yenye asili ya mafunzo ya Kiingereza huutumia: eleza, onyesha, waache waige, kisha wazoeshe mpaka mikono ifanye bila kuuliza kichwa.

Senior sajenti na waranti ofisa hujifunza kuendesha shughuli kubwa. Mmoja wao huwa sajenti meja wa kombania, na wa juu kabisa huwa sajenti meja wa kikosi kizima. Huyu husimamia nidhamu, sherehe, mazishi, ghala, ratiba na ustawi wa mamia ya watu na familia zao. Anasoma sheria ya majeshi ili aijue kesi inayofaa kuonywa na ile inayopaswa kupelekwa mbele. Anaandika ripoti. Anakaa na kamanda na kumweleza ukweli ambao maafisa wengine huogopa kuusema. Barua moja iliyoandikwa vibaya na mtu wa cheo hiki inaweza kumnyima askari haki yake ya uzeeni. Ndiyo sababu kalamu huwa nzito kadiri cheo kinavyopanda.

Kenya si peke yake katika hili. Nchini Marekani, jeshi la nchi kavu lilifungua mwaka 1972 chuo maalumu cha masajenti meja kule Fort Bliss, Texas, na siku hizi wanaokimaliza wanaweza kupata shahada. Askari wa huko hupita kozi za uongozi moja baada ya nyingine, na ilifika mahali jeshi likaweka kanuni kwamba mtu asome kwanza ndipo apandishwe, wala si kinyume chake. Kenya ina ushirikiano na Walinzi wa Taifa wa jimbo la Massachusetts tangu mwaka 2015. Dunia nzima imegundua jambo lile lile: jeshi lenye maafisa wasomi na masajenti wasiosoma ni kama nyumba yenye paa zuri na nguzo zilizooza.

Si jambo la jana

Wazee waliomo humu wanakumbuka hadithi za baba na babu zao waliokuwa KAR, jeshi la wakoloni lililoundwa mwaka 1902. Askari wengi wa wakati ule waliingia bila kujua kusoma. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, vilihitaji madereva, makarani, wapiga simu na watu wa redio, na kazi hizo haziwezekani bila kusoma na kuhesabu. Paliundwa kikosi cha walimu wa kuwafundisha askari, na Jeanes School ya Kabete ilitumiwa kuwatayarisha walimu hao. Baada ya vita, wengine walirudi vijijini wakiwa na ujuzi na macho yaliyofunguka, wakafungua maduka, wakaendesha malori, wakafundisha wengine.

Mahali pale pale Kabete baadaye palikuwa chuo cha watawala, na tangu mwaka 2012 panaitwa Shule ya Serikali ya Kenya, ambapo maafisa wa serikali za kaunti hupelekwa kwa mafunzo. Afisa wa kaunti anayehudhuria kozi huko leo anakanyaga udongo ambao walimu wa askari walikanyaga kabla yake.

Mafunzo ya amani

Tangu mwaka 1979, askari wa Kenya wamepelekwa nchi za nje kulinda amani, wakianza na ile inayoitwa Zimbabwe leo, kisha Namibia mwaka 1989, na nyingine nyingi baadaye. Kazi hiyo ina shule yake. Huko Karen, Nairobi, kuna Kituo cha Kimataifa cha Mafunzo ya Kusaidia Amani, ambacho hufunza wanajeshi, polisi na raia pamoja. Huko Embakasi kuna shule iliyoanza mwaka 2005 kwa ushirikiano na Uingereza kufundisha uteguaji wa mabomu ya ardhini.

Askari anayekwenda huko lazima ajifunze kuzungumza na mzee wa kijiji kupitia mkalimani, kusimamisha gari kizuizini bila kumtisha mama mwenye mtoto, na kujua wakati wa kutofyatua risasi. Kuzuia kidole ni mafunzo magumu kuliko kukikaza.

Siku ya kurudi nyumbani

Sasa tufike pale ambapo jambo hili linaigusa kaunti moja kwa moja. Askari wa vyeo vya chini hastaafu akiwa mkongwe. Wengi hurudi nyumbani wakiwa bado na nguvu, watoto wako shuleni, na miaka mingi ya kazi mbele yao. Kaunti hupokea mtu aliyesimamia ghala, aliyetengeneza magari jangwani, aliyepanga chakula cha mamia, aliyefundisha vijana kwa miaka 15.

Lakini mara nyingi mtu huyo hufika kwenye dirisha la kuomba kazi au zabuni akaulizwa, "Cheti kiko wapi?" Hana. Kozi alifanya nyingi, ila makaratasi yalipotea katika uhamisho, au hakuwahi kufanya mtihani wa kiraia unaolingana. Fundi wa injini kubwa za dizeli huishia kuwa mlinzi wa lango usiku. Hiyo ni hasara yake, na ni hasara ya wadi nzima ambayo trekta lake limelala bovu mita 200 kutoka lango analolilinda.

Dawa ipo, na huanza mapema.

Kwanza, askari aliye kazini atunze nakala ya kila cheti cha kozi, nyumbani kwa mtu anayemwamini, na nyingine kwenye simu.

Pili, fundi afanye mitihani ya ufundi ya NITA angali kazini. Mitihani hiyo huanza daraja la III, kisha la II, hadi la I, na hupima kazi ya mikono. Mtu anayeifanya kazi kila siku haogopi kitu.

Tatu, kwa aliyekwisha staafu bila karatasi, kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, inasimamia mfumo wenye ngazi 10 ambao huweka sifa zote za nchi kwenye mizani moja, na taasisi zilizoidhinishwa humpima mtu kwa anachokijua bila kumrudisha darasani miaka mitatu. Kijana wa familia amsaidie baba au mama yake kuulizia.

Nne, aliye kazini ambaye matokeo yake ya kidato cha nne yalimwangusha anaweza kurudia masomo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Askari wengi wamefanya hivyo wakisoma usiku kambini.

Kwa wale watakaorudi nyumbani bila barua

Tuseme ukweli. Vijana watakaofika uwanjani ni wengi kuliko nafasi. Wengi watarudi nyumbani siku ile ile, wengine kwa sababu ya jino, wengine sikio, wengine sentimita moja tu. Huko si kuaibika, na wala si mwisho wa njia.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa serikali za kaunti. Kijana wa miaka 19 aliyekosa nafasi mwaka huu anaweza kujiandikisha katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu naye, asomee uchomeleaji, umeme, mabomba, upishi au umekanika, afanye mtihani wake, na kurudi uwanjani baada ya miaka miwili akipitia mlango wa mafundi. Akikosa tena, bado ana kazi mikononi. Pesa ambayo mzazi angempa tapeli ingetosha karo hiyo, na hakuna anayeweza kumnyang'anya mtoto ujuzi alioupata.

Jedwali hilo hilo limezipa kaunti kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga. Huko nako nidhamu, huduma ya kwanza na usomaji wa ramani ni mali.

Mambo ya kukumbuka siku ya usajili

Kijana aje na kitambulisho halisi na vyeti halisi, si nakala peke yake. Aje amelala vizuri na amekunywa maji, amevaa nguo za kukimbilia chini ya nguo zake. Asije na dawa za kuongeza nguvu, daktari atajua. Mzazi aje na maombi na nauli ya kurudi, asije na bahasha. Wazee wa mitaa wawatangazie watu wao kwamba usajili ni bure, na wataje jina la yeyote anayepita nyumba kwa nyumba akidai ana nafasi za kuuza.

Na kijana atakayepewa barua, asiviache vitabu vyake vya kidato cha nne nyuma ya mlango. Avifunge vizuri avitunze, hasa kile cha hesabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na askari huinama juu ya vitabu maisha yake yote ya kazi.